Mvua Ikikataa, Nani Alipe?

Matufaha yalikataa kuzaa. Kisa chote cha The Wicker Man, filamu ya Uingereza iliyotoka Desemba 1973, kimesimama juu ya jambo hilo moja, ingawa mtazamaji hulijua kwa kuchelewa, mambo yakiwa yameshaharibika. Kisiwa cha kubuniwa cha Summerisle, huko Scotland, kinaishi kwa matufaha. Mwaka mmoja mavuno yakakosekana, na watu wakaanza kuulizana watoe nini ili mwaka ujao usiwe kama huu.

Mtu wa Mwandoya, wilayani Meatu, Tanzania, hahitaji mkalimani hapo. Meatu ni upande mkavu wa Mkoa wa Simiyu. Mvua huja msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele, kila mwenye shamba anajua mwaka umekwenda. Mtama na uwele hujikaza. Pamba hudondosha vitumba. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa vikitegemewa kuwa akiba ya mwisho, inaanza kupikwa mapema kuliko ilivyopangwa, na ng'ombe wanaanza kuuzwa kwa bei ya mnunuzi. Kisha maswali huanza, kwanza kwa sauti ya chini.

Robin Hardy aliyeiongoza filamu hii na Anthony Shaffer aliyeiandika walimtuma kisiwani mtu wa serikali. Sajenti Neil Howie, Mkristo mkali wa dini, anapanda ndege ndogo ya kutua majini kwenda kumtafuta msichana aitwaye Rowan Morrison, kwa kuwa amepokea barua isiyo na jina la mwandishi inayosema msichana huyo amepotea. Wanakisiwa wanampokea kwa tabasamu na wanamdanganya kwa tabasamu. Mama wa Rowan anasema hana mtoto huyo. Mwalimu anazungukazunguka. Kanisa limebaki magofu. Wasichana wanaruka moto uchi ili wapate uzazi, na baa nzima inaimba nyimbo zinazomfanya sajenti akunje uso.

Kuna tukio dogo darasani ambalo ndilo filamu yenyewe kwa ufupi. Howie anafungua dawati la Rowan na kumkuta mende mweusi amefungwa uzi, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye msumari. Mende anauzunguka msumari, na kila mzunguko uzi unapungua. Msichana wa dawati la jirani anaeleza, bila huruma na bila ukatili, kwamba mdudu huyo huzunguka upande mmoja tu mpaka anakwama. Howie anachukia mchezo huo, anafunga dawati, na anaendelea na upelelezi wake. Hajui kwamba kila nyumba anayoigonga inapunguza uzi. Rowan hajapotea. Anayetafutwa ni yeye sajenti: mtu aliyekuja kwa hiari yake, mwenye mamlaka ya mfalme, asiyewahi kumjua mwanamke, na aliyevaa nguo za mpumbavu siku ya sherehe. Siku ya Mei Mosi wanamtia ndani ya sanamu kubwa ya mtu iliyosukwa kwa fito, pamoja na mifugo, na kuiwasha. Yeye anamwomba Mungu wake. Wao wanaimba, wameshikana mikono, wakiyumbayumba kwa furaha.

Wahakiki wa Ulaya wameiweka filamu hii katika kundi la filamu za kutisha za mashambani, zile ambazo mgeni wa mjini anafika kijijini na kukuta mila za kale zikiwa hai. Hofu, wanavyoieleza, iko katika mila: ngoma, vinyago, moto, nyimbo. Nimejaribu kuifikiria ikioneshwa katika kibanda umiza cha Mwandoya, ukumbi mdogo wa video, jenereta likinguruma nje na msimuliaji akiifuatiza kwa Kiswahili kwa mtindo ambao Lufufu, msimuliaji wa filamu za nje, aliuzoesha nchi hii. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya kile kilichowatisha watu wa London ingepita bila mtu kushtuka. Maandamano ya watu waliovaa vichwa vya wanyama? Ngoma baada ya mavuno? Usukumani pamba ikishauzwa, Juni na Julai, ndio msimu wa mbina, ngoma za mashindano. Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyofuata nyayo za Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19, hushindana uwanja kwa uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Bayeye, wacheza nyoka, huingia na chatu shingoni. Kila upande una samba, dawa ya kuvutia watu, na hakuna anayekimbia.

Hata magofu ya kanisa yasingesema kitu kwetu. Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alichukua njia nyingine kabisa: aliingiza ngoma za Kisukuma na alama za utemi kanisani, na sherehe ya Bulabo ikaunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya mbina. Watu hupiga magoti asubuhi na kucheza mchana. Padri wa Summerisle angekuwa na akili ya Clement, Shaffer asingepata hadithi.

Basi mtazamaji wa Mwandoya atishwe na nini? Nadhani atatishwa na kitu ambacho filamu inakisema mara mbili, waziwazi, na ambacho mazungumzo kuhusu upagani hukifunika.

Mara ya kwanza ni pale Lord Summerisle, aliyeigizwa na Christopher Lee, anapomsimulia sajenti historia ya kisiwa. Babu yake alikuwa mwanasayansi. Alifika mwaka 1868 akiwa na aina mpya za matufaha alizoamini zingestawi kwenye udongo ule wa volkano. Wakulima walikuwa wamekata tamaa, na ili kuwaamsha akawarudishia miungu ya kale, akawaambia hiyo ndiyo itakayoleta mazao. Mbegu zikashika, watu wakaamini, wachungaji wakaondoka. Maana yake ni kwamba dini ya kale ya Summerisle ina umri wa miaka mia moja na kidogo, na aliyeianzisha ni mwenye ardhi aliyehitaji wafanyakazi. Mjukuu amekuja kuirithi kama anavyorithi nyumba.

Mara ya pili ni dakika za mwisho. Howie, mikono imeshikwa, anaacha kuhubiri na kuanza kufikiri kama askari. Anawaambia wanakisiwa kwamba matufaha hayakuumbwa kuota pale, kwamba mwaka ujao yatakataa tena, na yakikataa safari hiyo hakuna damu itakayotosha ila ya Lord Summerisle mwenyewe. Kamera inamtazama Lee. Anajibu kwamba mazao hayatakataa, lakini uso wake umeshabadilika. Ndiyo mara pekee katika filamu nzima ambapo anaonekana kuogopa, na anaogopa kwa sababu mtu ameitaja kanuni ya ibada yake kwa ukamilifu: mkuu ndiye mdaiwa.

Kanuni hiyo Usukumani haikuwa ya sinema. Hardy na Shaffer waliichota kwa James Frazer, ambaye kitabu chake The Golden Bough kilitoka kwanza mwaka 1890 na kuongezwa hadi kuwa juzuu 12. Frazer hakusafiri kuja Afrika, ila aliandikiana na watu waliokuwa huku, mmoja wao John Roscoe, mmisionari wa Uganda. Wazo la mfalme anayebeba uzima wa nchi mwilini mwake lilikusanywa kutoka kila upande, na nchi za Maziwa Makuu zilichangia fungu lao. Kwa hiyo ndani ya kisiwa kile cha kubuni cha Scotland kuna kitu cha kwetu kilichozunguka dunia kikarudi kwenye skrini kimevaa koti la sufu.

Ntemi, mtawala wa jadi wa Kisukuma, alikuwa mwenye nchi na mwenye mvua. Alipotawazwa, mioto ya zamani ilizimwa na moto mpya ukawashwa na kugawiwa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, aliandika juu ya ibada hizo katika kitabu chake The Ntemi cha mwaka 1951. Waliomchagua ntemi ni banang'oma, na waliomchagua waliweza kumwondoa. Afya yake ilihesabiwa kuwa afya ya ardhi. Ukame ukizidi, hata kama yeye mwenyewe si fundi wa mvua bali alimwajiri fundi, swali liliishia mlangoni kwake, na wapo watemi waliofukuzwa kwa sababu mawingu yalipita bila kumwaga kitu.

Sitaki kuupamba utemi. Watemi walipigana, na mabaraza yao yaliwafukuza watu kwa tuhuma za uchawi. Wala simwambii mtu kwamba mvua humsikiliza mfalme. Ninachosema ni kwamba mpango ule, kwa ubaya wake wote, uliuweka mzigo wa mwaka mbaya kwenye bega la aliyenufaika na mwaka mzuri. Aliyepokea kodi ya mtama alijibu kuhusu mtama.

Kisha mzigo ukateremshwa kutoka bega hilo. Sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Cameron, ilimgeuza ntemi kuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara. Sasa aliyemweka na kumwondoa ni Bwana Shauri, ofisa wa wilaya wa kikoloni, na banang'oma wakabaki kutazama. Ntemi aliyekuwa anafukuzwa na ukame akawa anafukuzwa kwa kukosa kukusanya kodi. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta utemi kisheria, na kwa sababu nzuri, maana nchi haikuweza kujengwa juu ya tawala za watemi. Novemba 1973, mwezi mmoja kabla ya The Wicker Man kuingia kumbi za sinema, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini. Wasukuma waliozoea kukaa mji mmoja hapa na mwingine kule, katikati mashamba na ng'ombe, wakajikuta mlango kwa mlango na watu wasiowajua. Na miaka hiyo hiyo, 1973 hadi 1975, mvua ilikataa karibu nchi nzima.

Swali la zamani lilikuwa bado lipo. Nani amefunga mvua? Mtoto amekufa, nani? Ng'ombe hawazai, nani? Aliyekuwa akilijibu kwa cheo chake hayupo tena. Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika mauaji yanayohusishwa na tuhuma za uchawi. Wengi wao waliuawa Mwanza na Shinyanga, na Shinyanga ya wakati ule ndiyo iliyokuwa na maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Wengi walikuwa wanawake.

Na wanawake hao walitambuliwaje? Kwa macho mekundu.

Ingia jikoni kwa mayu mmoja, mama wa Kisukuma wa Mwandoya, saa za jioni. Unapiga hodi, unasema mwadila mayu, anakujibu bila kugeuka kwa kuwa anahangaika na moto. Jiko ni mafiga matatu ndani ya kibanda chenye mlango mfupi na tundu moja la hewa. Kuni hakuna. Pembeni kuna rundo la mabua ya pamba yaliyobaki baada ya maotea kung'olewa, yanayowaka haraka na kufa haraka, na kuna vipande vya mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Anavunja kipande, anakisukuma chini ya chungu, anainama hadi shavu linakaribia majivu, anapuliza. Moshi hautoki nje. Unatanda kwanza darini, kisha unashuka taratibu hadi usawa wa uso wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Wewe mgeni unatoka nje machozi yakikutoka. Yeye amekaa humo tangu alipoolewa, mwaka baada ya mwaka, mara mbili kwa siku. Macho yake ni mekundu kama ya kila mwanamke wa umri wake katika kaya ile, na sababu inafuka mbele yako.

Kwa nini kuni hakuna? Hapo pia kuna serikali na kuna mazao. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumwondoa mbung'o, na ardhi iliyofunguka ikalimwa pamba. Mbung'o aliondoka, miti ikaondoka naye. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, zile sehemu za malisho ambazo wazee walikuwa wakizifunga ili nyasi na miti ipumzike, na kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Lakini kati ya mfyeko na ngitili kulipita vizazi viwili vya wanawake waliopika kwa mavi. Nikiuweka mnyororo huo mezani, kutoka kwa ofisa wa kuangamiza mbung'o hadi kwa panga la muuaji wa usiku, naona hatari kubwa kuliko mashetani yote ya filamu, kwa sababu kila pete yake ilifungwa na mtu mwenye nia ya kawaida.

Katikati ya mnyororo yupo mpiga ramli. Ramli ya Kisukuma ya kifaranga nimeiona, na siidharau. Mtu amefiwa, hajalala wiki, anamkabidhi mfumu kifaranga. Kinapasuliwa, na mfumu anasoma ndani yake kwa utulivu, alama moja baada ya nyingine. Mara nyingi huambiwa mambo ya kumsuluhisha na wafu wake: kuna babu amesahauliwa, kuna tambiko halijafanyika. Mtu anarudi nyumbani amepumua. Ubaya ni pale kifaranga kinapoambiwa kitaje jirani. Hiyo ndiyo ambayo serikali iliiita ramli chonganishi ilipotangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, wiki chache baada ya mtoto wa miaka minne mwenye ualbino kuchukuliwa nyumbani kwao wilayani Kwimba.

Hapo narudi kwa babu wa Lord Summerisle. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kutangazwa kwa wingi, mwaka 2007 na kuendelea, waandishi wengi wa nje na baadhi ya wa ndani waliyaita mila za kale za Kanda ya Ziwa. Hakuna tambiko la utemi, la mvua wala la mavuno linalodai kiungo cha mtu mwenye ualbino. Ile ilikuwa biashara ya watu wa migodini na wavuvi waliotaka utajiri wa haraka, na waganga waliojua kuuza. Ilivaa nguo ya mila ili muuzaji aonekane mrithi badala ya mfanyabiashara, na sisi tukaikubali nguo hiyo kwa urahisi mno. Mauaji ya vikongwe vilevile: ukichimba kesi moja moja, mara kwa mara chini ya neno uchawi unakuta mjane, shamba, na ndugu wa marehemu mume wanaosubiri. Wakata mapanga hawafanyi kazi bure. Kuna aliyewalipa, na aliyewalipa ana hesabu yake.

Sinema yetu imeliendeaje jambo hili? Filamu za Bongo za miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilijaza vibanda umiza kwa mizimu na majini, na zilijua kutisha. Lakini ndani ya filamu nyingi za aina hiyo uchawi upo kweli, na bibi mwenye macho mekundu ni mchawi kweli. Kwa mtazamaji wa Meatu huo si mchezo mtupu; ni ushahidi wa ziada dhidi ya jirani yake. Noaz Deshe, katika White Shadow ya mwaka 2013, alimfuata kijana mwenye ualbino wa Tanzania anayekimbia wawindaji. Rungano Nyoni wa Zambia, katika I Am Not a Witch ya 2017, alikwenda mbali zaidi: msichana mdogo anatuhumiwa uchawi, anafungwa utepe mweupe mrefu mgongoni asiruke, na ofisa wa serikali anamzungusha akimtaka alete mvua. Ofisa anakula, msichana anangoja mawingu. Nyoni aliielewa kanuni ile ya mkuu kuwa mdaiwa na jinsi ilivyogeuzwa kichwa chini, kwamba mvua ni mali ya mkubwa inaponyesha na ni kosa la mdogo inapokataa.

Jambo moja kuhusu upigaji wa The Wicker Man linanirudia. Hadithi inatokea Mei, wakati wa maua, lakini walipiga picha mwishoni mwa 1972, vuli ya Scotland ikiwa imeshaingia baridi. Maua ya kwenye miti yalipachikwa kwa mkono. Waigizaji walinyonya barafu ili pumzi isionekane kuwa mvuke. Kila ishara ya baraka ya ardhi unayoiona humo ilitengenezwa na wafanyakazi wenye vidole vya ganzi, na kilicho halisi ni moto wa mwisho, pale Burrow Head, jua likizama baharini. Kwa maoni yangu filamu ni kubwa kwa sababu hiyo: inakuonesha jinsi ilivyo rahisi kutengeneza msimu, nyimbo, mavazi na desturi, na jinsi mtu aliyemo ndani ya fito anavyobaki mtu.

Simiyu ina vijana wenye kamera sasa. Wanapiga harusi, wanapiga mbina, wanapakia nyimbo za Kisukuma kwenye simu, na picha zao ni nzuri. Ninawaomba watengeneze filamu hii, na waitengeneze Mwandoya. Kamera ikae jikoni kwa mayu, chini, usawa wa moshi, kwa muda mrefu kuliko mtazamaji atakavyopenda. Mpiga ramli aoneshwe anapokea fedha na anapoulizwa ataje nani. Na wasomaji ambao hatuna kamera tuache kulipokea neno mila kama jibu. Siku utakaposikia tena kwamba kikongwe ameuawa Meatu au Itilima kwa kufunga mvua, uliza shamba lake limebaki kwa nani.